Sauti Iliyotiwa Mchanga

Kila mkulima wa pamba katika mkoa wetu wa Simiyu anaujua ujanja mmoja wa zamani, hata kama yeye mwenyewe hajaufanya. Mtu akitaka mzigo wake uwe mzito siku ya kupima, huumwagia maji usiku au huuchanganya na mchanga. Asubuhi mizani husema kweli: mzigo ni mzito. Lakini uzito ule si pamba. Mwenye kununua amelipia udongo, kiwanda kimeharibiwa mashine zake, na jina la pamba ya Usukumani limepakwa matope mbele ya wanunuzi. Ndiyo maana tangu utoto tulifundishwa kuketi na kutenga pamba safi mbali na pamba fifi, tena kwa mikono yetu wenyewe, kabla ya mzigo kutoka nyumbani.

Nimeanza na pamba kwa sababu ninataka kusema juu ya sauti. Huku kwetu Bariadi na vijiji vya jirani umezuka mtindo ambao wengi wanauita maendeleo, nami nauita mchanga katika pamba. Mwimbaji anasimama mbele ya watu kwenye harusi au kwenye mashindano ya ngoma. Anaimba kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini kati ya kipaza sauti alichokishika na spika zinazowapigia watu, amekaa kijana mwenye kompyuta mpakato. Sauti inapopita, kijana huyo anaikamata, anaikatakata punje punje, anaivuta kama ulimbo, anaishikilia hewani, anaiachia, kisha anaikimbiza ili ifike ilikopaswa kuwa. Watu wanapiga vigelegele. Mwimbaji anabaki amekodoa macho, maana anayoyasikia kwenye spika siyo aliyoyasema.

Ndugu msomaji, tafadhali usinielewe vibaya. Mimi si adui wa mashine. Ualimu nilijifunza Butimba, chuo ambacho jina lake limefungamana na muziki, sanaa na michezo, na nimeongoza shule kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nimesomesha kwa redio, nimesomesha kwa kinasa sauti cha betri, na hadi leo nina simu ambayo wajukuu wangu wananisaidia kuitumia. Mtu anayelaani kila kifaa kipya ni sawa na yule aliyekataa jembe la kukokotwa na ng'ombe kwa hoja kwamba babu yake alilima kwa mkono. Hoja yangu ni nyingine. Nataka tuulize kitufe kinashikwa na nani, na mwenye sauti ameulizwa au hakuulizwa.

Ili tubishane kwa haki, yatupasa kwanza tuelewe jambo lenyewe linavyofanyika. Wenye umri wangu wanakumbuka santuri. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika ukiipiga kwa mizunguko 45, wimbo huenda mbio, lakini pia sauti ya mwanamume huwa nyembamba kama ya mtoto. Ukiipunguza mwendo, binti anakuwa na sauti ya dubwana. Mwendo na wembamba wa sauti vilikuwa vimefungwa pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Huwezi kumpeleka mmoja mbio ukamwacha mwingine nyuma.

Nira hiyo ilikatwa na wataalamu kwa hatua. Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, ambaye baadaye mwaka 1971 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa uvumbuzi wa holografia, aliandika mwaka 1946 na 1947 kwamba sauti yoyote yaweza kufikiriwa kuwa ni mkusanyiko wa punje ndogo ndogo sana. Mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza kifaa cha utepe chenye vichwa vinavyozunguka ambacho kiliweza kufupisha muda wa usemi bila kuifanya sauti iwe nyembamba. Usemi uliofupishwa kwa njia hiyo ukaja kuwafaa wasioona, ambao kwao kitabu ni kitu cha kusikilizwa. Mwaka 1986, nchini Kanada, Barry Truax alitunga muziki kwa kompyuta iliyozifanyia kazi punje hizo papo hapo, wakati mtunzi mwenyewe anasikiliza. Kazi iliyohitaji maabara ya chuo kikuu siku zile, leo inafanywa na kompyuta ya mezani kwa fundi wa harusi.

Kanuni yake mtoto wa darasa la sita anaweza kuielewa. Chukua sekunde moja ya sauti. Igawanye katika punje 20, kila punje ikiwa na urefu wa moja ya ishirini ya sekunde. Punje moja ni fupi mno kuwa neno, lakini ndani yake wembamba na unene wa sauti vimo kamili. Sasa ukitaka sauti irefuke, zirudie baadhi ya punje: ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, na kuendelea. Ukitaka ifupike, ruka baadhi. Kingo za punje hupishanishwa kidogo na kulainishwa ili sikio lisitambue viraka. Sauti inabaki na unene wake, ila mwendo umebadilika. Ni ufundi mzuri, wala sina ugomvi na Gabor wala na Truax.

Basi tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Ningi, ndivyo Wasukuma tunavyomwita kiongozi wa wimbo, ameimba mstari wa sekunde 4. Kwa kipimo chetu hizo ni punje 80. Fundi anauvuta mstari huo hadi uwe sekunde 6. Sekunde 6 zinahitaji punje 120. Je, punje 40 zilizozidi zimetoka wapi? Hazikutoka kifuani mwa mwimbaji. Ni nakala. Mzigo umekuwa mzito kwa nusu ya uzito wake wa mwanzo, na ile nusu iliyoongezwa si pamba mpya.

Hapo bado hatujafika kwenye ubaya wenyewe. Utepe uliorekodiwa waweza kuuvuta utakavyo, kwa sababu unao wote mkononi, mwanzo hadi mwisho. Sauti inayotoka papo hapo haiko hivyo. Mashine haiwezi kuliharakisha neno ambalo halijatoka kinywani. Hata kompyuta ya bei kubwa haina ufunguo wa kesho. Inachoweza ni kuchelewesha. Fundi akiivuta dakika moja ya wimbo hadi iwe dakika moja na nusu, mwimbaji yuko mbele yake kwa sekunde 30. Ama sekunde hizo 30 zitunzwe na zisikike zikiwa zimechelewa, huku midomo ya mwimbaji ikisema jambo jingine, ama zikimbizwe mbio ili zilipe deni, ama zitupwe. Hakuna njia ya nne. Na kwa kuwa harusi haisubiri, aghalabu hutupwa. Kila punje inayorudiwa papo hapo inamfukuza mgeni aliyekuwa mlangoni.

Ni nini kinachotupwa? Asiyejua nyimbo zetu atadhani ni kelele kidogo za furaha. La hasha. Katika wimbo wa Kisukuma ningi hutaja. Anataja ukoo wa bwana harusi na wa bibi harusi. Anataja aliyetoa ng'ombe na aliyekopesha. Anamsifu aliyelima, anamsuta aliyelala. Anawakumbuka waliotangulia mbele ya haki. Utajo huo ni kumbukumbu ya hadhara. Wanaousikia ni mashahidi. Frank Gunderson, Mmarekani aliyezikusanya na kuzichambua nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010, hakupata mamia ya nyimbo zile kwenye maktaba. Zilikuwa vichwani mwa waimbaji, nazo zilijaa majina ya watu, ya vijiji, ya njaa na ya mavuno.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye harusi moja hapa mjini. Ningi alikuwa mzee wa makamo yangu, mtu ambaye tangu ujana wake wenyeji wanamtegemea. Alipofika mahali pa kumtaja bibi aliyemlea bibi harusi baada ya mama yake kufariki, fundi alikuwa ameikamata silabi ya mstari uliotangulia na anaivuta, anaikatakata, anaitetemesha. Vijana walirusha mikono juu. Mzee aliendelea kuimba, kwani pumzi haina breki. Jina la yule bibi lilitoka kinywani mwake, lakini halikutoka kwenye spika. Waitikiaji, ambao hungoja mwisho wa mstari wa ningi ndipo waingie, hawakujua mstari umekwisha au la. Nusu wakaingia, nusu wakanyamaza. Mwisho wa shughuli mzee akalipwa pungufu ya mapatano, akaambiwa kwamba "alichanganya". Bibi mlezi alikuwa ameketi mstari wa mbele, na kitenge kipya alichonunuliwa kwa ajili ya siku ile. Alirudi nyumbani bila kutajwa.

Nilimwendea kijana wa kompyuta. Alinipokea kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ile sauti ya mzee uliifanyaje?"

"Niliiongezea vionjo tu, Mwalimu. Si umeona watu walivyochangamka?"

"Mwenyewe ulimwuliza?"

Akacheka kidogo, bila ubaya wowote. "Sasa Mwalimu, hata ningemwuliza, yule mzee angeelewa nini?"

Ndugu msomaji, makala hii yote ni jibu la swali hilo. Angeelewa nini? Mzee anayeshika mamia ya nyimbo bila daftari. Anayejua kumrefushia mchezaji mstari kwa pumzi mbili zaidi kwa sababu ameona vumbi la miguu yake halijatulia. Anayejua kuifupisha beti mvua inapotishia. Huyo ndiye asiyeweza kuelewa habari ya kuvuta na kufupisha muda? Amekuwa akiifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, na kifaa chake ni mapafu. Lililohitajika ni sentensi moja tu: "Mzee, nitakamata kipande cha neno lako nikirudie, na utakayoimba wakati huo hayatasikika." Hayo yasingemshinda. Angejibu, "Basi usinikamate ninapotaja majina, nikamate baada ya kiitikio." Sentensi mbili, na harusi ingekuwa nzuri kwa vijana na kwa yule bibi.

Liko pia jambo la lugha, ambalo mwalimu hawezi kulinyamazia. Lugha zetu hupima maana kwa urefu wa irabu. Kwa Kiswahili, mtu wa kufa ni mmoja na mtu wa kufaa ni mwingine. Kinachowatenganisha ni irabu moja tu kuvutwa. Ukilivuta tamko zima kwa kipimo kimoja, sikio linaweza kulipatanisha, kwa kuwa vyote vimerefuka pamoja. Lakini fundi wa papo hapo havuti zima. Anakamata palipomvutia, na panapomvutia ni kwenye irabu, kwa sababu hapo ndipo sauti inapolia vizuri ikirudiwa. Kisukuma kina mzigo mkubwa zaidi, kwani hakitumii urefu wa irabu peke yake, bali pia kupanda na kushuka kwa sauti katika kutofautisha maneno na vitenzi. Punje iliyogandishwa haipandi wala haishuki. Na konsonanti kama p na t, ambazo ni mshindo mfupi tu, punje yake ikirudiwa husikika mara mbili, kama mtu mwenye kigugumizi. Kwa hiyo mzee mwenye ulimi uliotakata anaonyeshwa mbele ya wajukuu zake kama mtu anayegugumia.

Najua nitajibiwa. Nizichukue hoja za wapinzani wangu moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni ya singeli. Watasema, "Mbona Dar es Salaam muziki wa mbio umekubalika hata ng'ambo?" Ni kweli. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye sherehe za vigodoro, walichukua vipande vya taarabu na mchiriku wakavikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, wakatia maneno yao juu yake. Akina Msaga Sumu wakawa na jina nchi nzima. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa studio ya Sisso, na vijana wale wakaalikwa Ulaya. Mimi nawapongeza, na wazee wenzangu wanaosema singeli si muziki nawaambia wanakosea. Lakini tazameni tofauti. Katika singeli mwimbaji anajua mapigo yatakuwa ya mbio, ameyachagua, anayakimbiza maneno yake mwenyewe kwa ulimi wake mwenyewe, na ulimi huo ndio ustadi anaosifiwa. Mashine imetengeneza uwanja, mtu amekimbia. Huku kwetu mtu anatembea kwa heshima zake, na mashine inambeba mgongoni bila ridhaa na kumwangusha ipendapo. Hayo si mamoja.

Hata kwenye singeli tuulize: yule mpigaji wa taarabu ambaye kipande chake kilikimbizwa, jina lake liliandikwa wapi? Lakini yeye angalau alikuwa na utepe. Kazi yake ya asili ipo, na atakaye aweza kuisikiliza kwa mwendo wake. Ndivyo ilivyo pia kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao tangu mwaka 2021 una kitufe cha kuukimbiza mara moja na nusu au mara mbili. Mimi sikipendi kitufe hicho, nikimtumia mwanangu maneno ya kumwonya najua atayasikiliza mbio. Walakini ujumbe wenyewe haujaguswa; akitaka ataurudia polepole. Msikilizaji anachagua kwa ajili ya sikio lake tu. Fundi wa harusi anachagua kwa ajili ya masikio ya watu mia tatu, na hakuna asili iliyobaki ya kurudia. Kilichotupwa kimetupwa.

Hoja ya pili ni ya wajuzi wa mila. Hawa husema, "Mwalimu, wewe mwenyewe unajua Wagika na Wagalu hawakuwa watu wa kushikilia ukale." Nami nakubali. Makundi hayo mawili ya ngoma, ambayo masimulizi huyanasibisha na Ngika na Gumha wa karne ya 19, yalijengwa juu ya ushindani. Nani atavuta watu wengi zaidi upande wake wa uwanja? Walicheza na nyoka, walicheza na nungunungu, walichonga vinyago, walibuni vituko vipya kila msimu wa baada ya mavuno. Pale Bujora karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, ngoma hizo zinaonyeshwa hadi leo wakati wa sherehe za Bulabo. Kwa hiyo anayesema ngoma ya Kisukuma haikubali mageuzi haijui ngoma ya Kisukuma.

Lakini nani aliyemshika nyoka? Mchezaji mwenyewe. Hakuna mtu wa upande wa tatu aliyemrushia nyoka ningi katikati ya wimbo kisha akachukua tuzo. Mila inayotajwa hapa inanisaidia mimi, haiwasaidii wao. Inasema: aletaye kituko ni yule anayebeba hatari yake na heshima yake. Basi tuifuate mila hiyo hadi mwisho wake. Mpeni ningi kitufe. Vipo vifaa vya kukanyaga kwa mguu, vinavyotumiwa na wapiga gitaa duniani kote, vinavyoweza kuikamata sauti na kuirudia mtumiaji anapotaka. Kiwekwe chini ya mguu wa mwimbaji. Aisimamishe silabi yake mwenyewe, aivute mbele ya kundi la upande wa pili, awachekeshe, kisha aiachie na kuendelea na majina. Siku hiyo mimi nitakuwa wa kwanza kutoka kwenye kiti changu kwenda kumtunza. Wagika watamtafutia dawa ya kumshinda, na Wagalu watanunua kifaa kikubwa zaidi. Hiyo ndiyo ngoma.

Hoja ya tatu ni ya biashara: "Vijana wanapenda, na ndio wanaolipa." Pamba yenye mchanga nayo ililipwa, msomaji wangu. Ililipwa siku ya kupima. Hasara ilikuja baadaye, tena ikaja kwa wote, hata kwa aliyetenga pamba yake vizuri. Vivyo hivyo mzee aliyeaibishwa mara moja hatakubali mwaliko wa pili. Mwanawe aliyeona baba analipwa pungufu hatajifunza kazi hiyo. Baada ya miaka kumi tutakuwa na mafundi wengi wa kuvuta sauti na hakuna sauti ya kuvuta. Watavuta nini? Watavutana wenyewe.

Sheria nayo haikulala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima, nayo ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi. Lakini ni ningi gani wa Itilima au Meatu atakayepanda basi kwenda kumshitaki fundi wa harusi? Haki isiyo na nauli haifiki. Kwa hiyo jambo hili litasimama au kuanguka kwa desturi zetu wenyewe: kwa mwenye shughuli, kwa kamati ya harusi, kwa mshereheshaji, na kwa walimu.

Hapa nina maneno makali kwa wazee wenzangu pia. Wapo wanaotaka kompyuta zipigwe marufuku kabisa kwenye ngoma. Hao wanataka kuchoma ghala ili kuua panya. Tena wanasahau kwamba sauti zetu nyingi zingekwisha potea bila mashine. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo za makabila. Redio Tanzania Dar es Salaam ilijaza ghala tepu za ngoma na za bendi. Zile tepu ndizo zinazotuwezesha leo kubishana kuhusu wimbo wa babu ulivyokuwa. Na ufundi huu huu wa punje ndio msaada mkubwa kwa anayejifunza. Wimbo wa kulimia wenye maneno ya haraka, mwanafunzi akiurefusha mara mbili bila sauti kuwa nene, anasikia kila silabi. Mwanachuo wa ualimu anayejifunza matamshi aweza kulisimamisha neno na kulichunguza kama daktari anavyochunguza damu kwenye hadubini. Marufuku ingetunyima haya yote, wala isingemrudishia bibi yule jina lake.

Ninachodai ni mambo matatu tu. La kwanza, mwenye sauti aulizwe kabla, kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liheshimiwe hata likiwa ni hapana. La pili, sauti ghafi, yaani ile itokayo kinywani kabla haijaguswa, irekodiwe kwenye njia yake peke yake na nakala akabidhiwe mwimbaji au familia ya wenye shughuli. Kompyuta ile ile inayovuta sauti inaweza kufanya hivyo bila gharama ya ziada. Ni suala la kubonyeza mahali pengine. La tatu, majina yasiguswe. Mwimbaji anapotaja watu, mikono ya fundi itoke mezani. Kamati ya harusi inayoweza kuandika kwenye mkataba idadi ya soda na sahani za pilau haishindwi kuandika mistari hii mitatu.

Na ninyi walimu, hasa mnaofundisha shule zetu za Bariadi, Maswa, Busega, Itilima na Meatu, msiwaachie mafundi peke yao somo hili. Mwenye simu darasani arekodi wimbo wa bibi yake kwa mwendo wake halisi. Kisha darasa liuvute, liukimbize, liukate punje, wacheke watakavyo. Baada ya hapo waulizeni: ni maneno gani yamepotea? Waambieni wayahesabu na kuyaandika ubaoni. Mtoto aliyehesabu hasara kwa mkono wake, akiwa fundi kesho kutwa, ataketi nyuma ya kompyuta yake kama mkulima anayetenga pamba: anajua lipi ni safi na lipi ni fifi, na hachanganyi.

Lakini somo lisingoje muhula ujao, kwani msimu wa harusi hauko mbali. Mwenye binti wa kuozesha mwaka huu amwite ningi na fundi waketi kwenye mkeka mmoja kabla ya siku, na amtume mtu kwa bibi mlezi amwulize anavyotaka jina lake litajwe.